Kikundi, chama au sacco?

Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa chama chetu hapa Umoja, Nairobi.

Tulikuwa na fomu za usajili mezani. Tubaki kikundi cha kijamii chini ya sheria ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua 10? Au tuwe sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, yenye sheria yake ya 2008 na masharti mazito?

Wengi walitaka sacco, kwa sababu ya mikopo.

Ndipo mama mmoja muuza sukuma wiki akainuka na daftari la michango.
Akafungua kurasa za matanga.
Akasoma kila aliyechanga, hata wa shilingi 50.
Sauti yake haikutetemeka, hata alipofika kwenye msiba wa mumewe.

Mimi nataka kurasa zile ziendelee, tusajiliwe vyovyote vile.

Wenzangu, vyama vyenu mlivisajili vipi? Tunaamua Jumapili.