Jirani Yake Huja na Kumchunguza

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma hili usingizi wangu umeharibiwa na mbuzi wawili waliokufa tangu mwezi wa pili. Walikuwa wa mama mmoja wa selula yetu ya maombi, anayekaa upande wa Bulengo, hapa Goma. Asubuhi aliwakuta wamelala katika shimo dogo nyuma ya parsele yake, kati ya makoro, yale mawe ya volkano, bila jeraha wala povu. Akaniita. Nilitazama dakika tano hivi, nikaomba kwa sauti kubwa, kisha nikamwambia, "Mama, huu si ugonjwa. Kuna mkono wa mtu hapa." Jina sikutaja. Lakini siku zile yeye na muzee jirani yake walikuwa wanagombania mpaka, na selula nzima ilijua. Kumbe nilikuwa nimetaja.

Ninyi wa Goma mmeshajua jibu: mazuku, ile hewa ya kuua inayokaa mashimoni. Neno lenyewe ni letu, hata wataalamu wa volkano kutoka Ulaya wanaliandika hivyo hivyo. Bibi yangu alitukataza kushuka mashimoni alfajiri. Kwa hiyo siwezi kusema sikuwahi kusikia. Nilijibu haraka kwa sababu nilidhani mtumishi akisema "sijui", watu watatafuta mtumishi mwingine.

Jumatatu kijana wangu, yuko ya tano sekondari, alirudi na somo la shimia, yaani kemia. Dioksidi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Inapanda kutoka ardhini kwenye nyufa za volkano, na usiku upepo ukitulia inajaa mashimoni kama maji. Haina rangi wala harufu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita asisikie kitu. Mtoto mdogo, au mbuzi aliyeinamia majani, anabaki humo. "Papa, twende tujaribu," akasema. Tulifunga mshumaa kwenye kijiti kirefu, tukabaki juu, tukaushusha. Ukazimika. Tukauwasha, ukazimika tena, kwenye kimo kile kile, na upepo hakuna. Mara ya tatu miguu iliniisha, nikataka kukaa chini, ila pale si mahali pa kukaa chini.

Katika daftari lake nilikuta jina la mchungaji, nikashtuka. Joseph Priestley, wa Uingereza. Mwaka 1767 alihamia Leeds kuchunga kanisa, akapanga nyumba karibu na kiwanda cha pombe. Alishusha vijiti vya moto juu ya mapipa ya pombe inayochacha, navyo vikazimika. Ni hewa ile ile ya Bulengo! Daktari wa Scotland, Joseph Black, alikuwa ameshaieleza miaka kumi na kitu kabla yake. Priestley akaitia ndani ya maji, na 1772 akachapisha jinsi ya kufanya. Fanta mnayokunywa kwenye harusi ina mizizi huko. (Alikana Utatu, simpendekezi kwenye mimbari.)

Kilichonichoma ni mwisho wake. Mwaka 1774 alipata hewa nyingine, inayofanya moto uwake kwa nguvu, ile tunayoiita leo oksijeni. Aliipata asiijue, kwa kuwa alishikilia fundisho la zamani kwamba kitu kikiungua hutoa kitu kinachoitwa flojistoni. Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa, akapima kwa mizani, akaonyesha kwamba kinachoungua ndicho kinachochukua kitu kutoka hewani. Wenzake wakageuka mmoja mmoja. Priestley alikataa, hata alipokufa Marekani mwaka 1804 alikuwa bado anatetea flojistoni yake. Mtu mwenye macho makali namna ile, na mchungaji! Nilijiona mimi.

Mithali 18:17 inasema, "Ajiteteaye kwanza huonekana kuwa ana haki, lakini jirani yake huja na kumchunguza." Wapendwa, watu wa sayansi wanaishi ndani ya mstari huu kuliko sisi tunaouhubiri. Kwao mtu hasemi "nimeonyeshwa" halafu akae. Anasema, nimeshusha mshumaa wangu, njoo na wako. Na anayekuja anaweza kuwa mpinzani wake, anayetamani aanguke, na bado lazima asikilizwe. Nyiragongo, volkano yetu, ilipopasuka tarehe 22 Mei 2021, wataalamu waliandika wazi kwamba dalili zilionekana muda mfupi mno kabla, nasi tukawacheka. Juma lililofuata, ni manabii wangapi walisimama kusema walikuwa wameonyeshwa? Nani aliwauliza walimwambia nani, na lini? Hakuna. Makofi tulipiga.

Nasema kwa upendo, lakini nasema. Tumefanana na wanafunzi wa Yohana 9: tukiona kipofu, swali letu la kwanza ni nani aliyetenda dhambi. Wamama wazee wangapi wamefukuzwa nyumbani mwao kwa unabii wa dakika tano? Watoto wangapi wamelala njaa kwa sababu mtu kama mimi aliogopa kusema "sijui, acheni nitazame kwanza"? Pasta, mwombaji, mama wa selula: ukikosea, rudi ulipokosea. Usiseme Roho alibadilisha ujumbe. Roho hakuwepo kwenye uongo wako.

Jana nilienda kwa muzee. Tangu mwezi wa pili watoto wa avenyu yake hawamsalimii, naye hawezi tena kuwatuma kuchota maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimwonyeshe mshumaa. Tulienda pamoja na yule mama, hawakuzungumza njiani. Ukazimika. Muzee akatazama shimo muda mrefu, akaniuliza, "Pasta, na kanisani utasema?"

Nilimjibu ndiyo, Jumapili, ibada ya kwanza. Leo ni Ijumaa. Nawaandikia mapema, ili nikitafuta njia ya kukwepa, ninyi mnikumbushe.