Mchele wa arobaini ya babu

Waliosafiri njia ya kusini kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 wanajua ninachosema, unavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu halafu unakutana na tope, na kijiji chetu kiko hukohuko njiani kwenda Muhoro. Masika ya 1998, El Niño imeshaiharibu barabara vibaya, bendi moja ya dansi ya Dar ilikuwa inaenda kupiga Lindi basi lao likazama likagoma kabisa. Magharibi wakaja kwetu wameloa chapachapa na vyombo vichwani, wapiga magita, wanenguaji, na mwimbaji mmoja ana mtoto mgongoni.

Sasa kwetu kulikuwa na msiba, babu alifariki wiki chache nyuma na bibi yuko eda, hatoki chumbani. Mchele uliokuwemo ndani ni wa arobaini tu maana mpunga mpya bado uko shambani. Mama kasimama mlangoni hajui aseme nini, bibi akaita kutoka ndani, "Mwanangu, hao wageni wamekula?" Mama akamwambia, mama, mchele wenyewe si ule wa arobaini. Bibi akasema, "Pika. Arobaini tutaisoma hata kwa mihogo." Na kweli tuliisoma kwa mihogo na kambale, na sikusikia mtu ananung'unika.

Walikaa mpaka njia ikakauka kidogo. Wanenguaji watu wanawasema vibaya sana, mimi nimewaona wakitwanga na mama, wakiingia kwa bibi kumenya mihogo na kumpigia stori mpaka bibi akacheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Wanaume waliziweka tumba karibu na moto jikoni maana ngozi zilikuwa zimelegea, lakini hakuna aliyegonga hata moja, wanaheshimu msiba wa watu. Ni bibi mwenyewe aliyesema kupitia dirishani kwamba marehemu alipenda dansi, ndipo mpiga solo akashika galatoni, gita kavu lisilotumia umeme, akapiga taratibu pale barazani, hakuna spika hakuna nini, na baba yangu ambaye makaburini hakutoa chozi akalia mbele yetu wote.

Lori la mbao ndilo lililokuja kuwavuta. Yule mpiga besi mpaka leo akipita anashuka kwetu na sukari ya mama, siku hizi ni lami mabasi hayalali tena njiani, ila yeye anashuka tu, na akikosa gari la kuendelea anatandikiwa analala.