Chumvi ya mzee wa Kisutu

Mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño zikiwa hazijatuacha, nilikuwa kibarua kwenye duka la viungo mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, ule wenye mahekalu ya Wahindu. Jioni moja tukifunga, mzee mwenye duka akanipa bonge la chumvi ya mawe. "Tia kwenye bilauri ya maji, iache hapo kaunta." Nikadhani jino linamsumbua.

Asubuhi akaniambia, "Haya kijana, nirudishie chumvi yangu."

Nikachungulia, nikazamisha kidole mpaka chini. Hola. "Onja." Chumvi. Akamwaga nusu, nikaonja tena. Chumvi. Likabaki funda moja, nalo likanikunja uso. "Huioni, lakini imo kote. Na wewe ndiyo hiyo." Akasema si maneno yake, yamo kwenye Chandogya Upanishad, kitabu kitakatifu cha Wahindu, baba akimfundisha mwanawe Shvetaketu: tat tvam asi, wewe ndiyo hiyo.

Kutwa nzima miguu haikukanyaga chini. Dini zote kumbe kitu kimoja, na mimi ndiye nimegundua! Baada ya Magharibi nikakimbilia Kariakoo kwa baba mdogo, mtu wa tarika ya Kadiria, zikri na dufu. Nilijua atanielewa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi mkononi. "Hata kwetu limo," akasema. "Sufi Ibn Arabi wa Murcia, aliyefia Damascus mwaka 638." (Wa Hijria, yaani 1240.) "Wafuasi wake wakaliita wahdatul-wujud, umoja wa kuwepo. Mwanachuoni Ibn Taymiyya akawashukia vibaya. Sasa sikiliza, mwanangu: Mungu ni mmoja. Sijasema wewe ni Mungu. Umekula?"

Kesho yake nikamshtakia mzee. Hakuinua hata macho, alikuwa anapima bizari. "Baba yako mdogo ana akili. Sisi Wahindu wenyewe, mwalimu wetu Shankara alisema yote ni kimoja. Karne ya 13 akaja mwalimu mwingine, Madhva, maneno yale yale akayakata pengine, yakawa atat tvam asi: wewe siyo hiyo." Herufi moja tu! Akacheka mpaka bizari ikamwagika kwenye mizani.

Wale wawili hawakuwahi kuonana. Naamini wangeelewana wao kwa wao kuliko na mimi niliyekimbilia kuwaunganisha.

"Bilauri yangu iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimeishika, nanywea chai. Nilisahau kuiosha.