Siku Nzima kwa Ajili ya Kitufe Kimoja

Saa mbili na nusu asubuhi niliuvuta kwa Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, mradi wa dashibodi ya mauzo ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuhamia kazi nyingine. Mteja, mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, anataka kiongezwe kitufe cha kupakua ripoti. Kabla ya kukigusa, lazima mradi mzima uwake kwanza kwenye kompyuta yangu, mbali na seva ambayo wauzaji wake wanaitegemea. Na hiyo ndiyo sehemu ya kazi yetu ambayo hakuna anayeiona.

Saa tatu yote ilikwisha nikisubiri npm ishushe vifurushi vya msimbo ambavyo mradi unavitegemea, huku bando likiyeyuka.

Saa nne na robo mradi uligoma, ukatema ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED. Ulijengwa kwa webpack 4, zana ya kufungasha msimbo, inayotumia md4, njia ya zamani ya kukokotoa alama ya faili, ilhali Node, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, kuanzia toleo la 17 la mwaka 2021 ilihamia maktaba ya usimbaji ya OpenSSL 3, ambayo imeiweka md4 kando kwa udhaifu wake kiusalama. Wapo wanaoongeza --openssl-legacy-provider, yaani kuirudisha md4 kwa amri, wakaendelea na safari. Mimi naona huko ni kumwachia deni atakayefuata. Nikapandisha mradi hadi webpack 5, nayo haimletei tena kivinjari moduli za Node kama crypto na stream, kwa hiyo kila nilipoziba pengo moja, jingine lilijitokeza. Katikati ya hayo mteja akapiga simu.

“Mwanangu, si kitufe kimoja tu? Mbona kimya?”

“Shikamoo, mzee. Naandaa mazingira kwanza.”

“Mazingira gani tena? Si una kompyuta?”

Nilimweleza, akaitikia kwa adabu ya mtu asiyeamini.

Chakula nilikila mezani, na baada ya hapo saa sikuzifuatilia. Faili la .env, lenye mipangilio na siri za mradi, halikuwa kwenye Git, jambo lililo sahihi, ila hakuna aliyeacha hata mfano wake, hivyo nilizisaka process.env, sehemu ambazo msimbo husoma mipangilio hiyo, faili kwa faili ili kuyajua majina yaliyohitajika. Hifadhidata ya PostgreSQL ikakubali, majedwali yakaundwa, ukurasa ukafunguka kwenye localhost:3000, yaani poti (mlango wa mawasiliano) 3000 ya kompyuta yangu mwenyewe, ukiwa na grafu tupu: kivinjari kilizuia maombi yaliyokwenda poti 8080, kwa sababu kwake poti tofauti ni asili tofauti. Proksi, mpatanishi wa kuyapitisha maombi, ikalimaliza hilo, na giza lilikuwa limeshaingia grafu zilipojaa takwimu za majaribio.

Nikaandika maelekezo: toleo la Node, majina ya vigezo bila siri zake, amri za kuandaa majedwali. Kitufe cha mzee kitaanza kesho, na nadhani hakitachukua hata saa moja.