Maandazi Juu ya Mawe

Aprili 2014 nilikuwa mgeni wa kaka yangu, mjini Chatham, Uingereza. Siku ya tatu binti yake, miaka minane tu, akanishika mkono: "Shangazi, twende tukahesabu mawe."

Mawe yenyewe yako pembeni mwa shamba karibu na Aylesford, Kent. Jina lake ni Little Kit's Coty House, ila wengi huyaita Mawe Yasiyohesabika. Ni kaburi la wakulima wa kale, la zaidi ya miaka 5,500. Liliangushwa mwishoni mwa karne ya 17, na mpaka leo ni rundo la vibamba vilivyolaliana. Juu kidogo kilimani kuna jingine, mawe matatu yamesimama yakabeba la nne. Nyuma yake palikuwa na tuta refu. Plau zimelila msimu kwa msimu hadi likawa sawa na shamba.

Hilo la plau liliniuma. Kwetu Machame, Kilimanjaro, babu amelala kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, mimea ya masale imemzunguka, na jembe halisogei pale.

Kwenye uzio wa chuma kaka alisimama, akavua kofia. "Hodi, wenyewe," akasema taratibu. Ndipo tukaingia. Baba tulikuwa tumemzika Januari, na yeye karatasi za uhamiaji zilimzuia asije.

Mtoto alikuwa na hadithi ya mwokaji aliyeweka mkate juu ya kila jiwe ili hesabu isimpotee. Sisi tulikuwa na maandazi, akaanza kuyapanga. Mara ya kwanza tukapata 19, ya pili 21. Jiwe moja lilikuwa limezama ardhini, limeota kuvumwani, ncha mbili tu zimechomoza. Moja au mawili? Nililipapasa: baridi, lina vitundu vya kuingia kidole.

Nilipogeuka, kaka alikuwa amechuchumaa.

"Baba mlimlaza upande gani wa nyumba?"

Nikaokota kijiti, nikamchorea kwenye udongo: nyumba, migomba, mstari wa masale, babu, halafu baba, hatua nne kutoka kwa babu. Akaangalia sana.

"Mmeshajengea?"

"Bado. Tunasubiri udongo ukae."

"Na ameelekea wapi?"

"Kibo," nikamwambia, nikachora na mlima.