Mkaguzi na Mvua ya Mawe

Muhula wa pili wa 2019 nilipangiwa kufanya TP, mazoezi ya kufundisha ya chuo, katika shule moja ya chekechea ya umma huko Rhonda, upande ule wa Nakuru unaopakana na uzio wa mbuga ya ziwa. Wenzangu waliopata shule za kibinafsi zenye bembea na mabasi ya manjano walinipa pole. Mimi nilifurahi kwa sababu ya nauli. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Kaptembwo, na kutoka hapo ningetembea kwa miguu asubuhi na jioni bila kumwomba mtu shilingi.

Huo ndio mwaka mtaala wa umilisi (CBC), unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, ulipoanza rasmi Kenya nzima. Madarasa tuliyozoea kuyaita beibi, nasari na priuniti yakawa PP1 na PP2. Chuoni tulifundishwa mtaala mpya na watu waliousomea juzi, na shuleni tuliupeleka kwa walimu waliokuwa wakifanya nusu yake miaka yote bila kuupa jina. Wazazi nao walikuwa na swali moja pale langoni: mbona mtoto harudi nyumbani na daftari lenye tiki?

Mwalimu aliyepewa kazi ya kunilea sitamtaja jina. Watoto walimwita Ticha Mkubwa, sisi wengine tulimwita Madam. Alikuwa mama wa makamo, leso kiunoni juu ya sketi, mfuko wa sweta umejaa vipande vya chaki, pini na vitambaa vya kupangusia kamasi. Alisomea kazi hii chini ya DICECE, mpango wa zamani ambao mwalimu alifundisha muhula mzima, kisha likizo za Aprili, Agosti na Desemba akaenda kukaa kwenye dawati yeye mwenyewe, miaka miwili. Mshahara wake ulitoka kwa kaunti, maana Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Mwenzake wa Gredi ya Kwanza, ng'ambo ya uwanja huohuo, alilipwa na TSC, tume ya kitaifa ya walimu. "Uwanja ni mmoja, mifuko ni miwili," alikuwa akisema, hasa mwisho wa mwezi.

Nilifika na faili nene: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, rekodi za maendeleo, kila kitu kimepigwa mstari mwekundu pembeni. Aliipekua yote kwa adabu, akanirudishia. "Kazi nzuri. Iweke pale juu ya kabati isije ikamwagikiwa na uji." Kisha akanionyesha kiti kidogo cha watoto nyuma ya darasa, magoti yakanifika kidevuni, akanipa kazi. Watoto wakihesabu, nisiandike wanasema nini. Niandike mikono yao inafanya nini.

Kwa siku za mwanzo hilo ndilo nililofanya, na sikulipenda. Nilikuja kufundisha, nikawa karani wa vidole. Lakini ukikaa nyuma ya darasa la watoto hamsini na kitu wanaoimba moja, mbili, tatu hadi hamsini, na ukaziba masikio, unaona mambo. Kuna mmoja anayevuta uzi wa sweta lake tangu moja hadi hamsini. Kuna mwingine anayefungua mdomo nusu sekunde baada ya wenzake, anaokota mwisho wa kila neno. Kuna msichana anayehesabu vidole vyake kweli kweli, na darasa likifika ishirini yeye bado yuko kumi na tatu, wala hababaiki. Nilimpelekea Madam karatasi yangu. Akaisoma akitikisa kichwa, akasema maneno ambayo nimeyabeba kila darasa nililoingia tangu hapo: "Kiitikio kinaficha watoto."

Ndani ya kiitikio hicho kulikuwa na nyota wetu. Alikuwa kijana wa PP2, sauti yake ya kondakta wa matatu, aliyehesabu hadi mia kwa Kiswahili na tena kwa Kiingereza. Mgeni akija, yeye ndiye aliyetolewa mbele kuongoza. Watoto wengine walimfuata kwa heshima.

Vifaa vyetu vilikuwa magunia ya nailoni yaliyochorwa namba kwa rangi na kutundikwa ukutani, kona ya duka yenye mikebe mitupu ya Kimbo na pakiti za maziwa, udongo wa kufinyangia, na vifuniko vya soda. Vifuniko hivyo Madam alikuwa ameviponda makali kimoja kimoja kwa jiwe. Maharagwe aliyapiga marufuku. Mahindi pia. Mtoto wa miaka minne, alisema, akipewa haragwe huwa na maswali mawili tu, linaingia puani au linaingia sikioni, na yeye alishapanga foleni hospitalini na mtoto wa mtu akitafuta jibu.

Chuoni tulikuwa tumekariri kwamba Jean Piaget, yule Mswisi, alionyesha kuwa mtoto wa umri huu akiwekewa safu mbili zenye idadi sawa, moja imebanwa na nyingine imetanuliwa, atasema iliyotanuliwa ndiyo yenye vingi. Nikamweleza Madam, kidogo kwa majivuno ya mwanachuo. Akaniuliza kama huyo mzee aliwahi kuachiwa watoto hamsini peke yake. Kisha akamwita mtoto aliyekuwa karibu, akampangia vifuniko vitano hapa na vitano pale, akatanua safu moja. "Zipi ni nyingi?" Mtoto akaonyesha iliyotanuliwa bila kufikiri. Madam akanitazama. "Basi mzee anajua. Lakini hamsini hajapewa."

Mkufunzi alikuja kunikagua baada ya mapumziko ya uji, bila taarifa kama kawaida yao. Alishuka kwenye bodaboda, viatu vinang'aa, fomu ndani ya bahasha ya kaki. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa Mau tangu asubuhi, meusi na mazito. Somo langu lilikuwa Shughuli za Hisabati, namba tano. Nilipanga kuanza na wimbo, kisha kuhesabu pamoja, kisha ubao, kisha vikundi. Andalio lilikuwa limenyooka, ukurasa mzima. Nikasimama mbele, nikawasalimia, wakaitikia, na hapohapo mvua ya mawe ikaanza.

Anayejua darasa la mabati lisilo na dari hahitaji kuelezwa. Kwa msomaji mwingine niseme tu kwamba nilipiga kelele "kaeni chini" na sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Watoto wengine waliziba masikio wakilia, na kilio chao nacho hakikusikika, ulikiona tu usoni. Wengine walikimbilia mlangoni kuokota mawe wale. Watoto wa PP1, ambao chumba chao kilivuja kuliko chetu, wakaingia wote na mikeka yao vichwani. Mkufunzi akasogeza kiti kukwepa tone, akafungua fomu juu ya magoti. Hakuonyesha dalili ya kuahirisha.

Nikamtafuta Madam kwa macho. Alikuwa mlangoni, beseni mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kola za sweta mbili zilizokuwa zikielekea nje. Akaweka beseni chini ya tundu, akaachia kola moja, akainua mkono na kuchezesha vidole vyake vitano. Kisha akarudi kwa kola yake.

Nikapiga magoti ili nilingane nao. Nikainua mkono, vidole vyote. Walio karibu wakainua yao. Nikakunja viwili, wakakunja. Nikafunga ngumi, nikaificha mgongoni, nikaitoa na kidole kimoja. Mchezo ukasambaa kutoka mbele kwenda nyuma bila neno, mmoja anamwona mwenzake, hata waliokuwa wakilia wakawa na kazi ya kufanya. Hapo nikagawa vifuniko kwa kila mkeka. Nikionyesha vidole vinne, kila mmoja aweke vinne mbele yake. Vitatu. Vitano.

Na kwa mara ya kwanza tangu nifike, hakukuwa na sauti ya mwenzako ya kujificha nyuma yake. Nilitembea kwa magoti kutoka mkeka hadi mkeka na kila mtoto nikamwona jinsi alivyo. Yule wa kuvuta uzi wa sweta alikuwa akiweka vitano sawasawa, haraka, kisha akarudi kwenye uzi wake. Yule msichana wa kumi na tatu nilimwekea safu mbili za tano, nikatanua moja, nikamuuliza kwa nyusi: zipi nyingi? Hakuonyesha upande wowote. Alichukua kifuniko kimoja kutoka safu iliyotanuka, akakilaza juu ya kimoja cha safu iliyobanwa. Kisha kingine juu ya kingine, hadi vikaisha vyote na hapakubaki cha ziada, akainua mabega kuniambia, si unaona?

Nyota wetu alikuwa kwenye mkeka wa dirishani. Nilipoonyesha vidole vitano, midomo yake ilianza kwenda, na nilijua anahesabu kwa sababu niliijua midomo hiyo. Mikono ilikuwa ikiweka vifuniko pia. Lakini midomo na mikono havikujuana. Midomo ilishafika mbali huko, mikono imeweka vitatu. Akasita, akachungulia kwa jirani, jirani akafunika vyake kwa viganja, naye akakusanya vyote vilivyobaki kwenye mkeka na kuvirundika mbele yake, kisha akaniangalia akitabasamu, akingoja kupigiwa makofi. Nilipogeuka, mkufunzi alikuwa amechuchumaa nyuma yangu, viatu vyake vinavyong'aa ndani ya maji. Naye alikuwa ameona.

Mvua ya mawe haikai sana. Ilipolegea, sauti ya kwanza kusikika darasani ilikuwa ya mtoto wa PP1 akilia kwamba jiwe alilolificha mfukoni limeibwa.

Mkufunzi alibaki na tatizo la fomu. Kulikuwa na alama za utangulizi, za sauti ya mwalimu, za matumizi ya ubao, za wanafunzi kujibu maswali. Akapitisha kalamu juu chini. "Sasa sauti nikupe ngapi?" Madam, aliyekuwa akikamua kitambaa cha kupigia deki, akajibu bila kuinuka, "Mpe ya mvua, Mwalimu." Alicheka, lakini alama alizoninyima za sauti na ubao hakunirudishia, na mpaka leo naona fomu ile ilikuwa ya kukagua mahubiri. Hata hivyo, akitoka aliniambia atakaporudi atataka kuona nimeandika nini kuhusu kijana wa dirishani.

Jioni, tukikwangua masufuria ya uji, nilimuuliza Madam kama alijua. Alikuwa akishuku tangu muhula wa kwanza. Ila kila alipomwita mbele peke yake, darasa zima lilimnong'oneza majibu kwa mapenzi. Nikapendekeza tumpumzishe kuongoza hesabu. Akakataa katakata. Mtoto hanyang'anywi anachokijua, alisema, anaongezewa asichokijua. Kuanzia kesho yake kijana akawa mgawaji wa vikombe: mkeka mmoja, watoto sita, vikombe sita, na aliyekosa atapiga kelele mwenyewe, hatuna haja ya kumsahihisha. Kwa muda mrefu kulikuwa na makelele mengi kwenye foleni ya uji.

Mama yake alikuja habari zilipomfikia zimegeuka. Alifanya kazi ya usiku kwenye baa, alikuwa bado hajalala, na alisimama langoni akisema kwa sauti ambayo sasa nilielewa mtoto aliirithi wapi: "Mtoto wangu anafika mia! Kila mtu hapa ploti anajua anafika mia!"

"Anafika, mama, na kwa lugha mbili," Madam alimjibu. Akamkaribisha kwenye kiti kidogo, akamwita kijana, akamwambia amletee mama vikombe vinne. Kijana akaondoka akihesabu kwa kujiamini, akarudi amekumbatia vikombe saba. Madam hakusema kitu. Mama aliviangalia, akavipanga sakafuni kwa mstari, akavihesabu kwa kidole. Akarudia. Akauliza kwa upole kabisa, "Sasa nyumbani nimfanyie nini?"

Apange vijiko, Madam alimwambia. Apange soksi mbili mbili. Akitumwa vitunguu vitatu dukani avihesabu mkononi mwako. Na kama kazini kwako kuna vifuniko vya chupa, usivitupe.

Ijumaa kijana akaja amekumbatia pakiti ya unga ya kilo mbili imejaa vifuniko vya bia. Madam alinusa mara moja tu, akanikabidhi. Haviingii darasani hivyo, alisema. Maji ya moto na sabuni kwanza, halafu jiwe. Mapumziko yote nilikaa nyuma ya jikoni naponda makali, na mwenye mali amechuchumaa kando akinipa kimoja kimoja, anahesabu kwa sauti ile yake ya kondakta, na kila akifika karibu na kumi na mbili ananishika mkono, "Ngoja, Ticha, ngoja," anamwaga vyote, anaanza upya.