Nilivyoiokoa ziara ya darasa la tano

Mwaka jana niliwapeleka watoto 43 wa darasa la tano kwenye bustani ndogo ya wanyama iliyo pembezoni mwa jiji letu la Mwanza. Jina lake sitalitaja. Naandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu wanaopanga ziara kama ile, hasa yule ambaye bado hajaanza kuchangisha wazazi.

Mchango ulikuwa shilingi 7,000 kwa mtoto: kosta, kiingilio na soda moja. Ulinichukua wiki sita kuukusanya. Kuna mama mmoja anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alileta ya kwake vipande vipande, mia tano leo, elfu keshokutwa, noti zenyewe zinanuka dagaa. Alipomaliza ya mwisho aliniambia, "Madam, mwanangu akamwone simba. Mimi sijawahi kumwona." Maneno hayo niliyabeba mpaka siku ya safari.

Tulifika saa nne asubuhi. Getini kulikuwa na ubao umechorwa simba dume, shingo imejaa manyoya, na watoto walipomwona tu wakaanza kupiga makofi ndani ya gari. Nilipokuwa nalipa, kijana aliyekuwa anakata risiti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba simba alishaondoka tangu mwaka juzi. Chui naye? Hayupo. Mwongozaji? Ana udhuru leo. Nikageuka kuwatazama watoto wamepanga mistari miwili, kila mmoja na karatasi yangu ya maswali mkononi. Swali la kwanza lilikuwa: Simba anakula nini?

Tuliingia hivyohivyo. Mamba alikuwa kwenye bwawa la saruji lenye maji ya kijani mazito, tukaona matundu ya pua tu. Kobe watatu walikuwa chini ya kipande cha bati. Tumbili mmoja alikuwa peke yake bandani anakigeuzageuza kifuniko cha chupa ya maji, anakiingiza mdomoni, anakitoa, anakitazama. Mtoto akamrushia andazi kabla sijamzuia. Dakika kumi, tumemaliza nusu ya bustani nzima.

Halafu tukafika kwa fisi.

Banda lake lilikuwa dogo kuliko nusu ya darasa letu. Alikuwa anatembea kutoka kona hadi kona, na kila akifika kona anageukia upande uleule, anakanyaga palepale alipokanyaga mara iliyopita. Udongo ulikuwa umechimbika, umekuwa kama mfereji mwembamba unaong'aa kwa kukanyagwa. Ubavuni, pale anapojisugua kwenye nondo akigeuka, manyoya yalikuwa yamekwisha, imebaki ngozi. Hakututazama hata mara moja. Watoto ambao njia nzima walikuwa wanaiga mlio wa fisi walinyamaza wenyewe, bila mimi kusema neno. Msichana mmoja akanishika mkono akaniuliza, "Madam, anatafuta nini?"

Sikumjibu palepale. Nilijua kwamba mnyama akifungiwa mahali padogo kwa muda mrefu hufika mahali pa kurudiarudia mwendo mmoja hivyo. Nilijua pia kwamba fisi madoa porini anaishi kwenye ukoo mkubwa unaoongozwa na jike, na usiku mmoja anatembea kilometa nyingi akitafuta chakula. Lakini koo lilinikaba. Nilimwambia tu, "Twende tukakae, nitakujibu."

Ziara niliyoipangia saa tatu iliisha kwa dakika 25. Nikarudi getini kuomba angalau nusu ya kiingilio irudi. Kijana alinisikiliza kwa heshima, ila akasema risiti ikishakatwa hela hairudi, na mwenye mamlaka hayupo. Sikugombana naye, maana hata yeye alionekana hana raha na kazi ile.

Sasa nieleze nilichofanya, kwa sababu hapa ndipo mwalimu anapoweza kupoteza siku yote au kuiokoa. Dereva tulikuwa tumemkodi mpaka saa tisa. Nikamwomba atupeleke ufukweni, mahali penye kivuli na miamba, tule chakula huko. Nikapiga marufuku mtu yeyote kutia hata kidole cha mguu majini, kwa sababu kichocho kipo ziwani na kila mwaka shuleni tunagawa dawa zake. Walipomaliza viazi na maandazi yao nikawaambia wageuze zile karatasi za maswali. Upande mweupe waandike mambo matatu: mnyama mmoja uliyemwona leo, alikuwa anafanya nini, na amekosa nini.

Kisha nikamjibu yule msichana mbele ya wote. Niliwaambia ukweli: simba niliwaahidi bila kwenda kuhakikisha, hilo ni kosa langu, na naomba radhi. Fisi anatembea vile kwa sababu hana pa kwenda. Mvulana mmoja akauliza, "Wakimfungulia, si atakufa? Hajui kuwinda." Swali zuri sana. Nikawasimulia kisiwa cha Rubondo, humuhumu ndani ya Ziwa Victoria, upande wa magharibi. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa pale sokwe waliokuwa wamefungwa kwenye bustani za wanyama huko Ulaya, wakaachiwa msituni. Walijifunza kutafuta matunda, kujenga vitanda vya majani juu ya miti, wakazaliana, na vizazi vyao vipo mpaka leo. Si kila mnyama anaweza, nikawaambia, na fisi hata sisi wenyewe hatungependa aachiwe karibu na mbuzi wetu. Ila kati ya lile banda na pori kuna mengi yanayowezekana: eneo kubwa, kivuli, mwenzake wa kukaa naye.

Tukiwa kwenye mazungumzo hayo, mdiria akatokea. Yule ndege mdogo mwenye madoa meusi na meupe, alisimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga haraka, kichwa kimetulia kama kimefungwa na uzi. Akadondoka, chubwi, akapanda na kisamaki. Watoto 43 walipiga kelele kwa pamoja. Hawa ni watoto waliozaliwa kando ya ziwa hili, na wengi walikuwa hawajawahi kukaa wakamtazama. Baada ya hapo tuliona yangeyange, tukaona mnandi ameanika mabawa juu ya jiwe, na furukombe akapita mbali akilia. Mpaka tunaondoka, karatasi nyingi zilikuwa zimejaa upande wa pili.

Jumatatu niliandika barua kwa wazazi. Mwalimu mkuu alikuwa na wasiwasi, akasema wazazi watadai hela, tuseme tu ziara ilikwenda vizuri. Nikamwomba aniruhusu niseme ukweli, kwa sababu watoto walishafika nyumbani na wameshasema. Akaniruhusu. Barua ilikuwa fupi: tulichoahidi, tulichokuta, tulichofanya baadaye, hesabu ya hela yote na nakala ya risiti.

Wazazi wachache walikuja wakiwa wakali, na walikuwa na haki. Yule mama wa dagaa alikuja jioni akiwa bado na beseni lake. Nilimpa kiti, nikamwambia, "Mama, simba hatukumwona. Nisamehe." Akakaa kimya kidogo, akasema, "Umeniambia mwenyewe, sawa." Kisha akaniuliza kitu ambacho kilibadilisha muhula wangu mzima: "Lakini Madam, ninyi wanyama mnakwenda kuwafuata mbali kwa nini? Huko kwenye mawe nyuma ya shule pimbi wamejaa, kutwa wanatukojolea miamba."

Shule yetu iko mlimani upande wa Kitangiri, na kama mlima wowote wa Mwanza, nyuma yake ni mawe makubwa ya granaiti yaliyopandana kama mtu ameyapanga kwa mkono. Miaka sita nimefundisha pale, na mawe yale nilikuwa nayaona kama mahali ambapo watoto hawaruhusiwi kwenda.

Nilikwenda peke yangu jioni mbili, safari hii sikutaka kuahidi nisichokiona. Nikatafuta mahali pa kukaa pasipo na mpasuko wa kina, kwa sababu ya nyoka. Nikaweka masharti: viatu vilivyofunikwa, hakuna kuingiza mkono kwenye tundu, hakuna kurusha kitu. Nikawagawa wanafunzi vikundi vya saba au wanane, kila kikundi na asubuhi yake, saa moja kamili, kabla ya vipindi. Sharti gumu kuliko yote lilikuwa kukaa dakika kumi bila kusema.

Nilipotaja pimbi darasani walicheka, maana mitaani mtu akikuita pimbi amekutukana. Kicheko kiliisha asubuhi ya kwanza. Jua lilipogusa jiwe, akatoka mmoja, wa rangi ya udongo, mnene, hana mkia, akajilaza tumbo chini kuota jua. Kisha wanne, kisha tisa. Mkubwa mmoja akabaki juu ameketi akiangalia angani na huku na huku, wenzake wakiendelea kula majani. Mwewe alipopita, yule mkubwa akatoa mlio mkali na ndani ya kufumba na kufumbua jiwe likawa tupu. Watoto walinigeukia midomo wazi, bado wanatii sharti la kutosema.

Darasani ndipo nilipowaambia kwamba, kati ya wanyama walio hai leo, tembo ni mmoja wa ndugu wa karibu wa pimbi. Walikataa. Kabisa walikataa, na nilifurahi, kwa sababu walitaka ushahidi. Nikawachorea yale meno mawili ya mbele ya juu, yanayoendelea kukua maisha yote kama pembe za tembo. Nikawaambia mimba ya pimbi inakaa karibu miezi saba, ndefu mno kwa mnyama mdogo hivyo, na nyayo zake zina ngozi laini yenye unyevu inayomfanya anate kwenye jiwe. Na ile michirizi myeupe kwenye miamba ambayo wengi walidhani ni chokaa? Ni mkojo wa pimbi uliokauka, wanakojoa mahali pamoja miaka nenda rudi. Mama wa dagaa alikuwa sahihi.

Mwingine ni mjusi wa kwenye mawe. Yule dume mwenye kichwa na mabega mekundu kama amechovywa kwenye rangi, mwili wote uliobaki wa bluu, anayepiga pushapu juu ya jiwe akimwona dume mwenzake. Watoto wanamjua, wengi wanampiga mawe kwa sababu wameambiwa ana sumu. Hana. Nikaandika ubaoni jina lake la kisayansi: Agama mwanzae. Nikapiga mstari chini ya neno la pili. Kimya kidogo, halafu kiranja akasoma kwa sauti, "Mwanzae... Madam, Mwanza? Mwanza hii?" Mwanza hii. Wanasayansi dunia nzima wakimtaja mjusi huyu wanalitaja jiji letu. Tangu siku hiyo sijaona mtoto wa darasa lile akirusha jiwe kwa mjusi, na wakimwona wa darasa lingine anarusha wanamjia juu.

Fisi hatukumwacha. Zile karatasi za ufukweni, sehemu ya "amekosa nini", 31 kati ya 43 zilimtaja yeye. Watoto waliandika pamoja barua kwa wenye bustani, bila matusi, wakiomba banda lipanuliwe na ubao wa simba uondolewe. Nakala nilimpelekea afisa wanyamapori mwenyewe mkononi, pamoja na michoro yao ya ule mfereji. Aliitazama michoro kwa muda mrefu, akaniahidi kwenda kukagua. Kutoka kwa wenye bustani hatujapata jibu, na watoto wananiuliza kila wiki. Nimewaambia muhula huu tutaandika tena.

Mwezi ujao tunakwenda Saanane. Babu na bibi wa watoto hawa wanakikumbuka kisiwa hicho kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na ukitoka mjini ni mwendo mfupi tu wa boti. Nilikwenda kwanza mwenyewe, Jumamosi, nikalipa kiingilio changu, nikauliza maboya ya watoto yapo mangapi na ya saizi gani, nikatembea juu ya miamba na daftari. Niliona swala pala wanakula majani bila wavu wowote kati yetu. Niliona pimbi, na mijusi wetu wenye vichwa vyekundu. Barua ya wazazi inataja hao tu, wale niliowaona kwa macho yangu.

Wazazi wawili watatusindikiza. Mmoja ni mama wa dagaa, na nauli yake tumechangishana walimu. Nilipompa taarifa aliniuliza kama simba yupo. Nikamwambia, "Simba sikuahidi, mama." Akacheka, akasema atavaa viatu vilivyofunikwa.